Malengo kumi na mawili ya mama wa Muheza: uchambuzi wa mwaka wa shamba, kuku, ukili na sabuni

Nataka kuchambua kisa kimoja kwa kirefu, cha rafiki yangu anayeishi kijijini Muheza, mkoa wa Tanga. Karuhusu nikiandike, jina tu ndo tuliache. Ni mama wa watoto wawili, mumewe mwalimu wa shule ya msingi, na mwaka 2021 mume alipopata uhamisho wakatoka kwenye vyumba vya kupanga Dar wakahamia kwenye eka moja na nusu iliyoachwa na wazee wa upande wa mume. Kuna minazi ishirini na kitu, michungwa ya zamani, kisima chenye maji ya chumvichumvi na nyumba ya bati. Tangu wamefika pale nia yao ni moja, wale na watumie vile wanavyozalisha wenyewe kadiri mikono itakavyoweza, mafuta wakune nazi wakamue wapike wenyewe, sabuni wapike, mikeka wasuke, mayai yatoke bandani kwao, muhogo na mahindi yatoke shambani, kisamvu na mchicha nyuma ya jiko, nguo za watoto ashone mama kwa cherehani cha miguu alichoachiwa na shangazi yake.

Januari 2024 akakaa na kaunta buku la kwaya mbili akaandika malengo kumi na mawili ya mwaka. Kuku wafike 60. Mikeka sita. Mahindi gunia tano. Kutonunua sabuni mwaka mzima. Kutonunua mafuta ya kupikia mwaka mzima. Tenki la maji ya mvua la lita 10,000. Akiba laki tano. Kushona sare za shule za watoto. Miche 100 ya michungwa. Matatu yaliyobaki yalikuwa ya ibada na ya familia, hayo siyagusi. Alafu akapakua programu ya simu ile ya kutiki kila siku, ukifanya jambo kisanduku kinakuwa kijani, ukiruka siku moja hesabu inakatika unaanza upya sifuri.

Mwisho wa Juni akajipima. Akapata mawili kati ya kumi na mawili, sare na moja la familia. Akaniambia "mwenzangu mi nimefeli, labda haya maisha tunayalazimisha tu, bora nitafute kazi mjini". Na alikuwa anamaanisha, alishaanza kuulizia kwa watu. Nikamwomba anitumie picha za kurasa zote za daftari, tukawa tunazisoma pamoja kwa simu usiku watoto wakishalala. Nilichokiona mimi, na ndo sababu ya kuandika haya, ni kwamba mwaka wake haukuwa mbaya kiasi kile alichodhani, ila alikuwa anaupima kwa kipimo cha maisha mengine kabisa, kipimo cha mtu wa mshahara na kalenda ya ukutani.

Tuanze na kuku maana ndo palimuuma zaidi, na hapo hasara ilikuwepo kweli sitaki kuipamba. Alianza mwaka na kuku 31, wakubwa kwa vifaranga. Mwisho wa Februari wamebaki 7. Ni mdondo, ule ambao wengine mnauita kideri, kuku anazubaa, anaharisha kijani, shingo inapinda, siku mbili tatu kaondoka. Pwani Januari na Februari ni kaskazi, jua kali na vumbi, na mdondo hupenda sana vipindi vya ukame kama hivi, kila anayefuga anajua. Ukishaingia hamna dawa maana ni kirusi, kinga ni chanjo tu, na chanjo ipo, I-2, inatengenezwa hapahapa nchini Kibaha, inavumilia joto kuliko zile za zamani, unamtia kuku tone moja jichoni na unarudia kila baada ya miezi mitatu. Kichupa kimoja kinatosha kuku wengi sana kwaiyo majirani mnaweza kuchanga mkachanja siku moja mtaa mzima.

Sasa rudi kwenye daftari. Lengo linasema kuku wafike 60. Neno chanjo halipo ukurasa wowote wa mwezi wa kwanza, nimetafuta mbele na nyuma. Na si kwamba alikuwa haijui, anaijua vizuri tu, alishachanja mwaka wa nyuma, ila kwa vile lengo lilikuwa ni idadi akawa anahesabu idadi, kila Jumapili anaandika kuku wangapi, 31, 33, 33, 34, alafu 20, alafu 7. Idadi ya kuku ni kitu kinachotokea, mtu haamki asubuhi akafanya kuku sitini. Anachoweza kufanya ni kuchanja, kufunga banda nguchiro asipenye, kumwekea mtetea mayai kumi hadi kumi na matano na kumwacha atulie siku zake 21, kuwatenga vifaranga na mwewe wiki za kwanza. Hivyo ndivyo vya kuandikwa na kutikiwa. Idadi iandikwe pembeni kama habari, kama unavyoandika mvua imenyesha.

Na hata hiyo 60 yenyewe tulipoipigia hesabu ilikuwa inatoka hewani. Mtetea wa kienyeji anataga, anaatamia, analea, alafu ndo anarudi kutaga, kwa mwaka mizunguko mitatu au minne ukimtunza, na katika kila mzunguko wapo vifaranga utakaowapoteza. Alafu nyumba inakula mayai, mgeni akija anachinjiwa, mkwe akiumwa anapelekewa supu. Kwake yeye hivyo vyote vilikuwa vinamvuta nyuma asifike 60, yaani mtoto akila yai lengo linarudi nyuma. Mimi hapo nilisimama kabisa. Umefuga ili watoto wale mayai, alafu kwenye daftari yai lililoliwa linahesabika kama hasara, hapo lengo limeshapigana na maisha yenyewe.

Mahindi nitapita haraka. Juni lilikuwa limeandikwa sifuri kati ya gunia tano, na sababu ni kwamba mahindi ya masika yalikuwa bado yamesimama shambani! Yanapandwa Machi, yanavunwa Julai kwenda Agosti. Juni huwezi kuwa na gunia. Masika ya 2024 nayo yalikuwa ya mvua nyingi mno, mnakumbuka mafuriko ya Aprili na kile kimbunga Hidaya kilichofika Mafia mwanzoni mwa Mei, shamba lake halikusombwa ila mahindi yalikaa kwenye maji mpaka majani yakawa ya njano, akaja kuvuna gunia tatu. Tatu kwa masika yale mimi naona alifanya kazi. Muhogo wake aliupanda Novemba 2023, ukawa tayari kuchimbwa kuanzia Agosti 2024 na kuendelea, umevuka mwaka wa kalenda na haukuandikwa kwenye lengo lolote, ilhali nao ni chakula cha nyumba ileile.

Mikeka ndo sehemu niliyoipenda kuliko zote kwenye kisa hiki kwa sababu inaonyesha wazi jinsi kazi ya mikono inavyopotea kwenye jedwali. Daftari lilisema mkeka 1 kati ya 6. Nikamuuliza na ukili je? Akasema ukili upo darini. Kiasi gani? Hajui. Akapanda akashusha mizinga ya ukili akapima kwa mikono, pima sitini na mbili, pima moja ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa.

Kwa ambaye hajawahi kuona, mkeka hausukwi mzima. Unakata majani machanga ya mkindu, unaanika, unachana nyuzi nyembamba, zile za rangi unazichemsha na rangi sufuriani, ndo unakaa kusuka utepe mrefu, huo utepe ndo ukili, unausuka na kuukunja mzinga, unasuka na kukunja, jioni baada ya jioni, na mwisho kabisa ndo unashona ukili kwa ukili ubavu kwa ubavu mpaka unapata upana wa mkeka. Mkeka wa mita mbili kwa mita moja na robo hivi kwa ukili wa vidole vinne unakula kama pima kumi na tisa. Kwaiyo zile pima sitini na mbili zilizokuwa darini ni mikeka mitatu, kazi ngumu yote imeshafanyika, imebaki kushona. Yeye anajiona kafanya moja kati ya sita, mkwe wake aliyemfundisha kusuka angemwambia uko minne kati ya sita na mzinga mdogo unabaki. Wazee wanaosuka hawaulizani umeshona mikeka mingapi mwaka huu, wanaulizana umefika pima ngapi. Kipimo sahihi kilikuwa ndani ya ile nyumba siku zote.

Na programu ya simu hapo ndo ilimharibia zaidi. Alikuwa ameiwekea "suka kila siku". Miezi ya kupalilia, Aprili na Mei, mikono imechoka na umeme wa kule unakatika mvua ikinyesha, hakusuka. Visanduku vikabaki vyeupe. Agosti hadi Oktoba kazi za shamba zikipungua angeweza kusuka pima mbili kwa siku moja ya Jumamosi. Kazi hizi zinakuja kwa mafungu, zinafuata mvua na mavuno, ukizilazimisha ziwe sawa kila siku utajiona mvivu miezi ambayo umefanya kazi nyingi kuliko yote. Programu za hivyo zinafaa kwa kunywa dawa au kupiga mswaki. Kwa kilimo na ufundi wa msimu mimi sizishauri na nimemwambia hivo bila kuzunguka.

Sabuni sasa. Lengo la kutonunua sabuni mwaka mzima lilikufa tarehe 9 Januari, siku ya tisa tu, alipotuma mtoto dukani kuchukua kipande cha kufulia. Baada ya hapo hakupika sabuni mpaka Aprili, maana si limeshaharibika? Hapa kuna mambo mawili. La kwanza ni kwamba sabuni ya nazi ukiipika leo huitumii leo, inakaa kama wiki nne ikauke na ukali wa kostiki, ile soda kali ya kupikia sabuni, uishe, kwaiyo mtu aliyeandika lengo Januari mosi bila akiba ya sabuni kabatini alikuwa ameshashindwa kabla hajaanza. Ili Januari usinunue inabidi uwe umepika Novemba. La pili ni hilo la mwaka mzima, malengo ya kutofanya kitu mwaka mzima yanavunjika mara moja tu na yakivunjika mtu anaachia yote. Tukalibadilisha likawa: kabati lisipungue vipande kumi vilivyokauka. Hilo likivunjika unalirudisha mwezi unaofuata na maisha yanaendelea.

Kwa wanaotaka kujua anapikaje, kilo moja ya mafuta ya nazi inataka gramu 183 hivi za kostiki ili mafuta yote yageuke sabuni, yeye anaweka 170 makusudi ili mafuta kidogo yabaki ngozi isichunike. Kostiki ndo inamiminwa kwenye maji taratibu, usije ukamimina maji kwenye kostiki, itakurukia. Na msitumie zile sufuria zetu za alumini, kostiki inaila alumini inachemka na kutoa gesi, tumia ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu, na uvae glavu na ufunike macho. Kilo moja ya mafuta inampa vipande kumi na nne vya gramu mia. Uzuri wa sabuni ya nazi inatoa povu hata kwenye maji ya chumvi, na kisima chao ni cha chumvi, sabuni nyingi za dukani pale zinaganda tu kama uji.

Tenki ni hesabu tu ambayo haikufanywa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati lao ni mita nane kwa sita, 48, kwaiyo mvua moja ya milimita 30 inashusha lita 1,440, hata ukitoa inayomwagika bado mvua mbili nzuri zinajaza tenki la lita 2,000. Maji ya kunywa na kupikia wanatumia lita 40 kwa siku, ya kufulia kisima kipo, basi lita 2,000 ni siku hamsini. Lile la lita 10,000 lilikuwa linasubiri hela ambayo haipo, na wakati linasubiriwa masika mazima ya 2024, maji yote yale, yalipita kwenye mitaro. Bora dogo lililofungwa kabla ya mvua.

Sasa tatizo kubwa kuliko yote kwa maoni yangu, na hili linawahusu wengi. Daftari lilikuwa na safu ya hela iliyoingia na hela iliyotoka. Hapakuwa na mahali pa kuandika kile ambacho hakikununuliwa. Ameuza mayai mawili matatu, machungwa kidogo, jumla ya hela iliyoingia ni ndogo, mtu ukiisoma unasema huyu mama anakaa bure nyumbani. Ndo maneno hayohayo aliyokuwa anaambiwa na baadhi ya ndugu, na ndo yaliyomsukuma kutaka kurudi mjini. Tukaongeza safu moja, kisichonunuliwa, kwa bei ya duka la pale kijijini. Robo ya kwanza aliyoijaza kwa uaminifu ni Oktoba hadi Desemba 2024: mayai 80 yaliyoliwa, 40,000. Mafuta lita 6, 39,000. Sabuni vipande 28, 28,000. Mboga kwa makisio ya 500 kwa siku, 45,000. Jumla 152,000. Ukitoa pumba 35,000 na kostiki na chanjo 12,000 inabaki 105,000.

Alifurahi sana, akampa mumewe asome. Mume anafundisha hesabu. Akauliza, "mama watoto, na nazi je?"

Swali zuri kuliko yote katika kisa hiki. Nazi kama 15 zinatoa lita moja ya mafuta kwa njia yao ya kukuna na kuchemsha tui, kwaiyo lita 6 ni nazi 90, na za sabuni 30 hivi, jumla 120. Mchuuzi anazichukua pale nyumbani kwa 400. Ni 48,000 ambayo wangeipata kwa kuuza nazi mbichi wakiwa wamekaa. Inabaki 57,000 kwa robo. Na ukiangalia mafuta peke yake, nazi 90 ni 36,000, mafuta yake ni 39,000, yaani siku nzima za kukuna na kukamua kwa faida ya 3,000. Chicha wanakula kuku sawa, na wali wa mafuta yale una ladha yake, lakini kuandika kutonunua mafuta kabisa kama lengo la mwaka ilikuwa ni kujitesa. Uamuzi waliofikia, na nauunga mkono kwa asilimia zote, ni kuuza nazi kubwa, kununua alizeti, na kupika mafuta kwa zile nazi ndogo ambazo mchuuzi anazikataa. Hakuna aliyeacha kuishi kwa mikono yake hapo. Wamejua tu mkono upelekwe wapi.

Hesabu ileile tukaipeleka kwenye mikeka na sabuni, mara hii tukaweka na masaa. Mkeka mmoja tangu kuchana mpaka kushona aliuandikia masaa 45 hivi, bei ya mnunuzi anayepita ni 30,000, ukigawa haifiki 700 kwa saa, na mkindu bado hujauhesabu. Kupika sabuni mara moja ni masaa matano pamoja na kukuna nazi, vipande kumi na nne ni 14,000, toa kostiki 1,500 na nazi 6,000, inabaki 6,500, ni 1,300 kwa saa. Karibu mara mbili. Kwaiyo sabuni wanaweza kuuza majirani, mikeka wasuke ya nyumbani, ya kutunza kwenye harusi na ya kupeleka msikitini, huko thamani yake haina mnunuzi wa kubishana nae bei. Yeye mwanzo aliona vibaya kuondoa mikeka kwenye biashara kwa heshima ya mkwe wake, nikamwambia hiyo ndo heshima yenyewe, kazi ya masaa arobaini na tano usiiuze kwa bei ya kutupa.

Kuhusu Januari. Hili tulibishana kidogo maana watoto shule inaanza Januari na yeye akaona mwaka ni Januari basi. Lakini Serikali yenyewe mwaka wake wa fedha unaanza Julai mosi. Na pwani tulishakuwa na mwaka wetu wa kilimo na bahari kabla ya kalenda za ukutani, ule wa Nairuzi, ambao Makunduchi kule Zanzibar mpaka leo wanauadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa. Mwaka ule unahesabiwa kwa miongo, kumikumi za siku, miongo 36 na siku tano zinazobaki mwisho, na mkulima au nahodha alikuwa anajua mwongo wa ngapi ni wa kusafisha shamba, wa ngapi ni wa kupanda, wa ngapi bahari inachafuka. Babu wa mumewe alikuwa anahesabu hivyo, mume anakumbuka. Sisemi turudi kuhesabu kama babu, sote tuna simu. Nasema Januari kwa mkulima wa Tanga iko kati ya vuli inayoisha na masika ambayo hayajaja, shamba halina cha kuamua wakati huo, ni jua tu na mdondo. Kukaa na kupanga mwaka siku hiyo ni kupanga bila taarifa.

Wakachagua Septemba mosi. Mahindi yameshaingia ndani, unajua una gunia ngapi na zitafika mwezi gani, hela ya machungwa ipo, vuli bado mwezi na kitu, unayo nafasi ya kufunga mfereji wa bati, kutengeneza banda, kuchagua mbegu. Kupitia daftari kukawa kila siku kumi badala ya kila siku. Siku kumi inatosha kazi kuonekana, na hata ukiwa na msiba au mtoto anaumwa siku nne bado mwongo una siku sita. Daftari lenyewe likagawanywa: kurasa za msimu, ambazo kazi zake zina tarehe za mwisho zisizojadilika kama chanjo na kupanda, kurasa za kazi za mikono ambazo zinapimwa kwa hatua, pima za ukili, vipande kabatini, na ule ukurasa wa kisichonunuliwa. Malengo yakatoka kumi na mawili yakawa sita.

Nimeomba anisomee alichokuta Agosti 2025 ilipofika. Chanjo nne zote, Oktoba, Januari, Aprili na Julai, zimefanyika, mara mbili alichanga kichupa na majirani. Mdondo ulipita kijijini Februari, yeye alipoteza wawili ambao walikuwa wamenunuliwa mnadani wiki ileile hawajachanjwa. Kuku wako 27 na hakuna lengo la idadi. Ukili pima 76, mikeka mitatu imeshonwa, mmoja umeenda kwa harusi ya mdogo wake. Tenki la lita 2,000 lilifungwa Novemba, vuli ya 2024 ilikuwa hafifu likajaa Desemba tu, likawafikisha karibu na katikati ya Februari. Kabati la sabuni lilipungua chini ya kumi mara mbili, likarudi. Mahindi gunia nne. Miche ya michungwa ya kubebesha ilibaki 24, mingine ilikaushwa na jua la kaskazi, hapa mimi bado namwambia aoteshe mwanzoni mwa masika asing'ang'anie vuli.

Akiba laki tano hakufika, ni 310,000. Na hili nataka liwe wazi kwa wanaodhani maisha haya yanajitosheleza, mshahara wa mume ndo unaolipa mahitaji ya shule, bima ya afya, umeme na vifurushi, shamba halijalipa hata kimoja kati ya hivyo. Kinachofanyika shambani kinapunguza wanachotoa mfukoni kwa chakula na usafi, na sasa wanajua kinapunguza kwa kiasi gani. Kwa mwaka wao mpya wameongeza lengo moja tu la hela, bima ya afya ya familia itoke kwenye sabuni na nazi. Wamepiga hesabu, inataka kupika sabuni za kuuza mara mbili kila mwezi kuanzia Oktoba, na ya kwanza inabidi ipikwe kabla Septemba haijaisha ili iwahi kukauka.